Kafuri ya Bi Mishi

Mwezi uliopita nilimnunulia shangazi yangu dawa ya kuchua magoti. Kikopo kidogo chekundu; mwenye duka la dawa aliniapia kwamba wazee wote wa Port Reitz wanakigombania. Jioni nikamkalisha kitandani, nikampandisha gauni juu ya magoti, nikafungua kifuniko. Harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima. Shangazi akavuta mguu kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Toa hiyo kitu hapa, Njeri!"

Mtu mwenye akili zake angeuliza kuna nini. Mimi nilifunika kikopo mbio mbio, nikatoka nacho nikakitupa kwenye pipa la taka, kwa sababu hata mimi pumzi zilikuwa zimenipaa. Miaka yote hiyo tuliyokaa pamoja, kila mmoja wetu alikuwa akiikimbia harufu ileile, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye anakimbia.

Yake nitayafikia. Kwanza nieleze yangu, na nitayaeleza kama yalivyokuwa, maana nimeyapamba vya kutosha.

Nilikuwa darasa la nne, na ile ilikuwa safari yangu ya kwanza kushuka pwani. Kwetu Njoro, mtoto akipata bahati ya kwenda Mombasa likizo ya Desemba, darasa zima humfunga mizigo miwili: mambo ya kuona na mambo ya kuogopa. Ya kuona yalikuwa bahari, feri, Ngome, na zile pembe za ndovu zinazopita juu ya barabara. Ya kuogopa yalikuwa mengi zaidi. Usiokote kitu njiani. Paka akikutazama sana, usimsemeshe. Ukikutana na mwanamke mzuri kupita kiasi, mwangalie miguu kwanza. Ukiona kwato, toka nduki. Aliyenifundisha haya yote ni jirani yangu wa dawati, msichana ambaye hakuwa amefika hata Gilgil, lakini ukimsikia ungedhani amelelewa na majini. Basi tangu niliposhuka kwenye basi mimi kazi yangu ilikuwa kutazama miguu ya watu.

Shangazi Nyambura, dada mdogo wa baba, alikuwa akishona nguo katika kiwanda kimoja kule Changamwe. Alipanga chumba Likoni, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kiswahili aitwaye Bi Mishi. Alitoka alfajiri kuwahi feri na kurudi jua linapotua. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Mimi mchana kutwa niliachiwa Bi Mishi.

Bi Mishi alikuwa mjane mfupi, mnene kidogo, anayetembea kwa kuyumba kwa sababu ya magoti. Alizaliwa ng'ambo, Mji wa Kale, akaolewa Likoni, na mwanawe wa pekee alikuwa akifanya kazi Maskati. Siku niliyofika alisimama mlangoni, akapiga vigelegele peke yake bila kuona haya, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mimi nikamwangalia miguu. Ilikuwa miguu ya mtu, lakini nyayo zake zilikuwa zimepakwa hina mpaka zimeiva, nyekundu inayokaribia weusi. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo wanavyozificha kwato zao.

Kesho yake aliniita, "Njeri!" nami nikajibu kama tunavyojibu nyumbani, "Nini?"

Bi Mishi akashika kiuno. "Nini? Mtu mzima akikwita wamjibu *nini*? Lo! Sema abee."

"Abee."

"Sema kama mtu aliyekula."

"Abeee!"

Akacheka mpaka akakaa kwenye kibao cha mbuzi, na pale pale akakuna nazi akanipa tui la kwanza ninywe kwenye kikombe. Ndivyo alivyokuwa. Hakupita mahali nilipokaa bila kuniwekea mkono kichwani. Alinipikia vitumbua, mkate wa sinia, maharagwe ya nazi kwa mahamri, na kila shangazi aliporudi kutoka kazini alikuta amefunikiwa sahani yake. Walikuwa wakiketi ukumbini wawili hao, mmoja wa kanisani na mwingine wa msikitini, shangazi akimkanda magoti na Bi Mishi akimfundisha kutumia limau badala ya kukaanga kila kitu na nyanya. Shangazi alimwita Mama. Mtu aliyefika Mombasa bila ndugu hata mmoja, fikiria hilo lilikuwa na maana gani kwake.

Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu ya upelelezi. Niliona jioni Bi Mishi akiweka udi kwenye chetezo na kuzungusha moshi kila pembe ya nyumba. Niliona paka watatu waliokula mezani kwake kama wageni waalikwa. Nilimsikia akisema peke yake huku akivuta tasbihi. Yote niliyaweka akilini moja moja, kama mtu anayekusanya kuni.

Asubuhi moja akajifunga buibui, akanivalisha gauni langu la kanisani, akasema, "Leo nakwenda kukuonyesha mji. Usije ukarudi bara ukasema hukuona kitu."

Tukavuka feri kwa miguu, katikati ya umati, mimi nimemng'ang'ania buibui kwa mikono miwili. Ng'ambo tukapanda tuktuk mpaka kwenye zile pembe. Niliziwaza usiku mzima. Nikashuka, nikazikaribia, nikagonga kwa kidole. Bati! Pembe za bati! Machozi yakanilenga.

"Mbona wasikitika?" akasema Bi Mishi. "Hebu mfikirie ndovu. Zingekuwa za kweli, yeye angekuwa wapi sasa?"

Kwenye Ngome hakuingia. Alikaa kivulini, magoti yake hayakutaka ngazi, akanituma nikazitazame bunduki kubwa za nje na kuja kumweleza, na nilipomweleza alishangaa kwa kila kitu kana kwamba hajawahi kuziona. Kisha tukaingia vichochoroni mwa Mji wa Kale. Kulikuwa na harufu ya kahawa na tangawizi, na ya samaki, na ya mfereji, zote mahali pamoja. Tukala viazi vya karai kwa ukwaju, mpaka gauni la kanisani likaota madoa. Mahali fulani alisimama mbele ya mlango wa mbao uliochongwa maua. Ndani palikuwa na duka la vinyago, na kijana aliyekuwa akiuza akatuuliza kama tunataka twiga. Bi Mishi alikuwa akiyatazama maua yale tu. Aliweka kiganja kwenye ule mlango, akaufuta vumbi, akasema maneno fulani kwa sauti ya chini, kisha akanivuta mkono tukaondoka. "Hapa ndipo nilipozaliwa," akasema. Nilisikia alivyosema. Lakini nilichokiweka akilini ni kwamba anazungumza na milango.

Mwisho tukaingia kwenye duka dogo la manukato. Mzee mwenye duka alimfahamu tangu utotoni, maana hata hakusubiri salamu ziishe.

"Bi Mishi! Kafuri tena? Ile ya mwaka jana umeila?"

"Wallahi ningeila kama ingekuwa tamu. Yapotea hewani, huijui kafuri wewe? Ukiigeuzia mgongo tu, haipo."

"Na waridi?"

"Na marashi ya waridi. Na pamba. Nipe nzuri, usinipe ile ya kuzibia matundu."

Wakacheka wote wawili kama watu wanaonunua vitu vya harusi. Mzee akanipa kipande cha kafuri ninuse. Kilikuwa cheupe kama chumvi ya mawe na baridi yake ikapanda puani mpaka kwenye macho. Bi Mishi akaninunulia ndara nyekundu zenye ua la plastiki, pakiti mbili za mabuyu, tukarudi Likoni. Nasema kweli, katika utoto wangu wote sikuwa na siku nzuri kuliko ile.

Siku mbili baadaye, wapangaji wote wakiwa kazini, Bi Mishi aliegemeza ngazi kwenye tundu la dari. "Panda wewe mwenye magoti mapya," akasema. "Nyuma ya masinia ya harusi kuna sanduku la bati. Lisukume taratibu."

Nikapanda. Darini kulikuwa na joto la kupikia mkate. Nikasukuma masinia makubwa ya shaba, nikalipata sanduku, nikalishusha kwa kamba. Tukaenda nalo uani. Akalifungua, na kafuri ikanipiga. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha bafta, vipande kadhaa, vimekunjwa vizuri. Akavinyunyizia marashi, akanipa ncha moja.

"Shika huku. Usiiache ikagusa chini. Twaianika mpaka ikauke."

Nikashika. Tukasimama pale juani, yeye ncha ile, mimi ncha hii, kitambaa katikati.

"Ni nguo ya nani?" nikauliza.

"Ni sanda yangu, mjukuu wangu. Nikifa nitakoshwa, nivikwe hii. Niliinunua mwaka nilipokwenda kuhiji, nikaitia maji ya zamzam kwa mikono yangu miwili. Huku kwetu mtu akijaliwa huweka yake mapema, asije akawasumbua watu."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza sare ya shule. Akaipima kwa urefu wake, kutoka kichwani mpaka nyayoni, akacheka. "Tazama. Nilipoinunua ilikuwa yanitosha barabara. Sasa yabaki. Nimesinyaa!"

Mimi sikucheka. Kwetu mtu hata jeneza halitaji kabla ya siku yake, na huyu alikuwa amesimama juani anajipima. Nilitaka kuitupa ile ncha nikimbie mpaka Njoro, ila nilikuwa nimeambiwa nisiiache ikagusa chini, na nilimwogopa mno hata nisiweze kumwasi.

Ilipokauka akaikunja, akaweka kafuri mpya katikati ya kila mkunjo. "Mwanangu wa Maskati hataki kuiona," akaniambia. "Asema najitabiria. Mara moja alitaka kuitoa sadaka kwa watu wengine, ndipo nikaificha juu. Aijuaye ilipo ni shangazi yako peke yake. Yeye ndiye nimempa amana, siku yangu ikifika awaonyeshe jamaa. Na sasa wajua wewe. Hata mmoja wenu akiwa hayupo, mwingine atasema. Sivyo?"

"Ndiyo," nikasema. Akaniwekea mkono kichwani.

Jumapili alasiri shangazi alinichukua kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, nyumbani kwa Mama Tabitha, watu wa kanisa letu, wote wa kutoka bara. Palikuwa na chai ya maziwa na mandazi. Shangazi aliingia jikoni kusaidia. Akina mama wakaniweka katikati, wakaniuliza Mombasa nimeionaje.

Nikaanza na pembe za bati. Hakuna aliyesikiliza, mmoja akaanza kumweleza mwenzake habari ya kodi ya nyumba. Nikaeleza Ngome. Wapi! Hapo nikasema, "Bi Mishi ana sanduku la sanda juu ya dari."

Vikombe vikasimama. Ninakumbuka hilo vizuri kuliko jambo lolote. Wanawake saba wazima, vikombe hewani, wananitazama mimi, mtoto ambaye nyumbani nilikuwa wa tano kati ya saba na hakuna aliyewahi kuningoja nimalize sentensi.

"Sanda?" akasema Mama Tabitha. "Ya nani?"

Shangazi akatoka jikoni na sinia la mandazi. Akasikia, akatabasamu. "Ah, hiyo ni yake mwenyewe. Waislamu wengi huweka. Mama aliniambia siku nyingi."

Na hapo mambo yangekwisha. Mazungumzo yalikuwa yameanza kurudi kwenye kodi. Niliona macho yakiniondoka, moja baada ya jingine, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Alinifunga nayo."

Shangazi aliweka sinia chini. "Alifanya nini?"

"Alinifunga nayo. Kichwani mpaka miguuni. Akanipima. Akasema inanitosha. Akasema nisikwambie."

Sijui hayo maneno niliyatoa wapi. Hapana, najua, nimesema sitapamba. Niliyatoa kwa msichana wa dawati langu, na kwa ile hofu niliyokuwa nayo uani, na zaidi ya yote niliyatoa kwa utamu wa kutazamwa. Kila neno lililotoka liliwafanya wasogee karibu. Nikaongeza mlango aliousemesha. Nikaongeza paka. Mama Tabitha akanikumbatia, akaanza kulia na kunena kwa lugha, na mimi nikalia pia, na kilio changu kilikuwa cha kweli kabisa, maana nilikuwa nimeanza kuyaamini maneno yangu.

Wakainuka wote. Tukatembea kwa mguu mpaka nyumbani, kundi zima, mimi mbele nimeshikwa mikono kama bibi harusi. Tulimkuta Bi Mishi uani, kibuyu cha maji pembeni, mikono imejaa unga wa mchele. Alikuwa akikoroga mkate wa sinia. Wangu, nilikuwa nimemwomba asubuhi.

"Karibuni, karibuni," akasema, akitafuta kitu cha kufutia mikono. "Nyambura, mbona hukuniambia waja na wageni?"

Mama Tabitha akasema yote aliyokuwa nayo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Majirani wakajaza mlango. Bi Mishi alisikiliza huku kijiko cha mti kikidondosha unga, na alipoelewa, hakumtazama Mama Tabitha wala shangazi. Alinitazama mimi.

"Njeri."

"Abee," nikajibu. Ilitoka vizuri, kama alivyonifundisha.

"Mimi nilikufunga?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa zile ndara nyekundu zenye ua. Kulikuwa na kimya kirefu, na ndani ya kimya kile nilikuwa na nafasi ya kutosha, naapa nilikuwa nayo, hata mtoto mwenye kigugumizi angepata muda wa kusema hapana.

"Ndiyo," nikasema.

Shangazi akamsogelea. "Mama, sema kitu. Sema siyo, nitakuamini wewe. Tafadhali."

Bi Mishi alimtazama shangazi, akanitazama mimi tena, na nikaona mdomo wake ukifunguka kisha ukafungika. Leo mimi ni mtu mzima na ninajua alichokuwa akipima. Angesema siyo, mtoto wa miaka tisa angekuwa mwongo mbele ya kundi lile na mtaa mzima, na fimbo ambazo ningechapwa, yeye angezisikia mpaka chumbani kwake.

"Mtoto kashasema," akajibu. "Basi."

Akarudi kukoroga unga wake. Wakaimba, wakakemea mapepo, wakapaka mafuta milango yote, pamoja na ule wa chumba chake. Naye akawapisha wapite.

Shangazi alihama siku ya Jumanne. Alipata chumba Changamwe, karibu na kiwanda, akawaambia watu ni kwa ajili ya kazi. Wakati mkokoteni unapakiwa kitanda, Bi Mishi alisimama ukumbini. Nilidhani angeniwekea mkono kichwani kama kawaida, na nilitaka, haki ya nani nilitaka sana. Lakini mikono yake yote miwili alikuwa ameiweka nyuma ya mgongo, ili watu wasije wakasema amenigusa.

"Nenda salama, mjukuu wangu," akasema. "Uwasalimu wa kwenu."

Zile ndara shangazi alizitupa baharini tukiwa kwenye feri. Nyumbani Njoro, darasani, nilisimulia habari ya sanda mara nyingi, na kila mara niliimaliza kwa kutoroka kishujaa. Nilipofika kidato cha pili niliacha kuisimulia. Nilipomaliza shule nikaja Mombasa kutafuta kazi, nikaishi kwa shangazi, na sasa yeye ndiye anaishi kwangu. Katika miaka yote hiyo sikuvuka kwenda Likoni ila pale ambapo sikuwa na budi, na hapo nilipitia njia ya mbali. Nilikuwa nikijiambia kwamba mambo ya watoto husahauliwa. Niliposikia kwamba Bi Mishi amefariki, nilishukuru Mungu. Naandika hivyo kama ilivyokuwa: nilishukuru, kwa sababu nilidhani shahidi wangu ameondoka.

Sasa ya shangazi. Asubuhi baada ya kile kikopo cha dawa, tulikuwa mezani tunakunywa uji. Hakuwa amelala vizuri. Akasema bila kunitazama, "Ile harufu ya jana. Inanikumbusha dhambi yangu."

Nikadhani sijasikia sawa. Shangazi yangu na dhambi ni vitu viwili visivyojuana.

"Siku aliyokufa yule mama wa Likoni," akasema, "simu ilinikuta kiwandani. Alikuwa mpwa wake. Akaniambia, dada Nyambura, Bi Mishi ametangulia mbele ya haki. Twajua alikuwa na sanda aliyokuja nayo kutoka Maka, na alikuwa akisema kila siku kwamba wewe ndiye wajua ilipo. Mpaka juzi alisema hivyo, amelala kitandani: Nyambura atawaonyesha. Tumeitafuta nyumba nzima. Iko wapi, dada? Watu wangojea kuosha, mazishi ni baada ya alasiri."

Akazungusha kijiko kwenye uji.

"Nikasema sijui."

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Darini, nyuma ya masinia. Nilikuwa najua kama ninavyojua jina langu. Akaniuliza mara ya pili, akaniapisha. Nikasema sijui. Niliogopa, Njeri. Kitu alichofungwa nacho mtoto wangu, nitakitajaje kwa mdomo wangu? Nilikuwa nakuwaza wewe tu. Wakanunua bafta pale sokoni, haraka haraka, wakamzika nayo. Ile yake waliipata baadaye, walipokuwa wanabadilisha dari. Mpwa wake alinipigia tena kuniambia. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kafuri yote ilikuwa imepotea, lakini kitambaa kilikuwa kizima." Akajifuta macho kwa kiganja. "Yule mwanamke alinilea. Hata kama alikosea kwako, aliniomba kitu kimoja tu hapa duniani. Kimoja. Na mimi nikamnyima."

Gari la takataka lilikuwa likipita nje, na watu wakipiga kelele wakikimbia na mifuko yao. Nilisubiri lipite. Nilijiambia nasubiri lipite. Lilipopita nikawa sina la kusubiri tena.

"Shangazi," nikasema. "Bi Mishi hakunifunga."

Akainua kichwa.

"Nilimshikia ncha tu. Tulikuwa tunaianika. Mengine niliongeza mwenyewe."

Akaweka kijiko mezani, akanitazama. Sikuona hasira, na ningeitaka. Nilimwona anarudi nyuma, mpaka kwa Mama Tabitha, mpaka uani, mpaka kwa mwanamke mwenye unga mikononi, anavipita vitu vyote upya kimoja kimoja.

"Hata mara moja?" akauliza.

"Hata mara moja."

Nikanyoosha mkono juu ya meza. Shangazi akauondoa wake, akavuta leso iliyokuwa mabegani, akajifunika nayo uso wote, na uji wetu ukapoa.